Mashangazi Watatu na Vibakuli vya Mlangoni

"Nafunua kawa!"
"Funua tule!"
"Kuna nini ndani?"
"Kuna mambo!"
"Kayapika nani?"
"Wenye midomo!"

Haya, sogeeni. Wewe mama wa karanga, tafuna polepole, nataka nisikike.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo paka alikuwa bado anabisha hodi kabla ya kuiba samaki, palikuwa na mji uitwao Kilimbani. Mji huo ulinukia. Ukiamka unanusa mdalasini, ukioga unanusa karafuu, ukigombana na jirani unanusa tangawizi. Na mji huo ulikuwa na desturi yake ya harusi. Msicheke, kila mji una yake.

Desturi ilikuwa hivi. Nikahi inasomwa asubuhi msikitini, hilo halina neno. Kisha bwana harusi anakwenda nyumbani kwa bibi harusi, na mlangoni mwa chumba anakuta mashangazi wa biarusi wamekaa na sinia. Juu ya sinia kuna vibakuli vitatu vya viungo. Bwana harusi anafungwa kitambaa machoni, ananusa, anataja jina. Mashangazi wote wakiridhika, anaingia. Wasiporidhika, haingii. Na huku pilau ya harusi imeshaipuliwa, inatoa mvuke. Pilau ikipoa kabla hajaingia, basi. Anarudi kwao peke yake, anangoja mpaka karafuu zichumwe tena.

Mnasema si kitu? Palikuwa na bwana mmoja pale Kilimbani alianza kubahatisha ana ndevu nyeusi. Alipoingia ndani, meno yalikuwa yamekwisha.

Sasa alikuwepo kijana mmoja, Vuai, fundi wa makubadhi. Pua yake ilijua ngozi na gundi tu. Akampenda Mwatima, binti aliyemletea kiatu kishonwe, akakileta tena, akakileta tena, na kiatu chenyewe kilikuwa kizima. Vuai hakuwa mjinga. Alikishona kila mara.

Kumbe Mwatima alilelewa na mashangazi watatu, na hapo ndipo balaa lilipokaa. Shangazi Time aliwahi kuolewa Mombasa. Shangazi Mkasi aliwahi kuolewa Unguja. Shangazi Zena aliwahi kuolewa Tanga. Wote watatu wakafiwa na waume, wakarudi kwao, na kila mmoja akarudi na chungu chake na majina yake.

Vuai hakulijua hilo. Yeye alijifunza viungo usiku na mchana, akipiga chafya mpaka makubadhi yakaruka mezani. Rafiki yake Ngwali alikuwa anamshikia vibakuli. Ngwali mwenyewe alikuwa anaipenda harusi ile kwa sababu moja, nayo ni pilau.

Siku ikafika. Nikahi ikasomwa, ngoma zikalia, Vuai akasimama mlangoni na kilemba chake.

"Shikamooni mashangazi."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia kwa pamoja. Na baada ya hilo hawakukubaliana jina hata moja siku ile.

Wakamfunga kitambaa. Kibakuli cha kwanza kikasogezwa puani. Vuai akanusa, moyo ukatulia. Hii anaijua.

"Hii ni bizari nyembamba."

"Ndiyo," akasema Shangazi Time wa Mombasa. "Mtoto kafunzwa huyu."

"Ndiyo nini?" akasema Shangazi Mkasi wa Unguja. "Hiyo ni uzile."

"Uzile ndio nini?" akasema Shangazi Zena wa Tanga. "Hiyo ni jira. Wahindi wenyewe wanaiita jira, na wao ndio wenye duka."

"Mwenye duka ndiye mwenye jina? Basi na marehemu mumeo tumwite alivyomwita mwenye duka alipomdai?" akadakia Shangazi Mkasi.

Mnaona? Mtu kasimama na macho yamefungwa, na wao wameshaingiza marehemu. Ngwali akaja mbio kutoka uani, akamnong'oneza, "Pilau bado ya moto. Lakini fanya haraka, ndugu yangu."

Kibakuli cha pili. Vuai akanusa, akawaza. Akaona heri awe mjanja, ataje yote.

"Hii ni dania, ni giligilani, ni kotimiri."

Wote watatu wakaguna.

"Mwanamume hana msimamo huyu," akasema Shangazi Mkasi. "Mimi nasema giligilani, basi ni giligilani."

"Dania," akasema Shangazi Time. "Lakini ni kweli, hana msimamo. Leo majina matatu kwa mbegu moja, kesho wake watatu kwa nyumba moja."

"Mbegu ya kotimiri ni kotimiri," akasema Shangazi Zena. "Mtoto wa mbuzi si mbuzi?"

"Mtoto wa mbuzi ni ndama," akadakia Shangazi Mkasi.

"Ndama ni wa ng'ombe, wewe. Ndiyo maana mchuzi wako hauliki."

Ngwali akarudi, safari hii uso umemshuka. "Mvuke umepungua," akasema. "Nimeweka mkono juu yake. Niliuweka na ndani kidogo, kuhakikisha."

Vuai jasho likamtoka. Aliogopa, nawaambia kweli. Aliufikiria msimu mzima bila Mwatima, meza yake na gundi yake na nyundo yake tu. Ndani ya chumba alisikia bangili zikigongana, akajua Mwatima amekaa anasikiliza, naye anaogopa vilevile.

Kibakuli cha tatu. Akanusa. Akapiga chafya, kilemba kikaanguka ndani ya sinia. Akaamua hataji jina.

"Mashangazi," akasema, "mimi ni mtoto kwenu. Nyinyi mnaiitaje?"

Ai. Mwenye kujua angekaa kimya.

"Pilipili manga," akasema Shangazi Time.

"Pilipili mtama," akasema Shangazi Mkasi. "Iangalie ilivyo, punje kama za mtama."

"Na hiyo manga imetoka wapi?" akauliza Shangazi Zena. "Manga ni Uarabuni. Pilipili hii imetoka Bara Hindi, ikapita Manga kulala tu, ikaja kwetu."

"Basi si ndiyo imetoka Manga?" akasema Shangazi Time.

"Imelala Manga. Mgeni anaitwa kwa nyumba aliyolala jana?"

"Wewe mwenyewe ulilala Tanga, sasa hivi tunakuitaje?"

Wakasimama. Mmoja akashika mwiko, mmoja akashika kinu, mmoja akalishika sinia na kilemba cha watu ndani yake. Wakaondoka mlangoni wakielekea jikoni, wakaiulize mitungi ya viungo, ambayo haisemi. Vuai kabaki na kitambaa chake machoni, hathubutu kusogea. Sharti ni sharti.

Mlango ukalia nyiii. Mkono wenye hina ukamvua kitambaa.

"Bwana," akasema Mwatima kwa sauti ndogo, "twende."

"Sijaruhusiwa kuingia."

"Usiingie. Desturi inakukataza wewe kuingia. Mimi hainikatazi kutoka, nimekesha usiku kucha naifikiria."

Akatoka. Akapita uani kwa mwendo wa biarusi, taratibu, macho chini. Njiani akainamia pilau akaigusa kwa kidole, bado vuguvugu, akamtwisha Ngwali sufuria. Ngwali hakuombwa mara mbili. Wakatoka kwa mlango mkubwa, wapiga ngoma wakawafuata.

Huku nyuma mashangazi wakarudi mlangoni, wakakaa, wakaendelea kubishana, wala hawakumkumbuka bwana harusi. Jua likageuka. Shangazi Time akasema, "Tumwulize mtoto mwenyewe, sisi ndio tuliomlea." Akabisha. "Mwatima, mwanangu, hii unaiitaje?"

Kimya.

"Ana haya," akasema Shangazi Mkasi, akafuta machozi. "Tumemlea vizuri."

Hilo tu ndilo lililowapatanisha. Wakalinda chumba kitupu mpaka kuku wakaingia bandani.

Kwa Vuai, watu walikuwa wanakula. Pilau imekolea, Ngwali hazungumzi na mtu. Vuai akatafuna punje moja nyeusi, akamgeukia mkewe.

"Niambie kweli. Wewe unaiitaje hii?"

"Siiti," akasema Mwatima. "Nikitaja jina moja, mashangazi wawili wananuna siku nzima. Mimi huchota tu."

Vuai akacheka mpaka wali ukampalia. Alipopata pumzi akauliza, "Na mimi je? Utaniitaje?"

Mwatima akamwongezea kijiko kwenye sahani.

"Wewe," akasema, "nitakuita chakula kikiwa tayari."

Ngano yangu imeiva nami nimeiipua. Iliyo tamu gawaneni. Iliyoungua niachieni mwenyewe, ukoko naupenda.