Ufunguo wa Msikiti wa Shungi

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, katika mji wa Shungi palikuwa na msikiti mdogo wa mawe ambao hakuna aliyejua nani aliujenga.

Kila Shaabani Bi Mwanashehe aliingia na ndoo, akapaka chokaa kibla, pale mbele anaposimama imamu. Mamake alipaka, nyanyake alipaka, na nyanya wa nyanyake. Naye Maalim Shebwana alisali humo kila alfajiri, hata watu walipohamia msikiti mpya wenye mapangaboi, wakamwacha yeye na popo.

Mwaka mmoja wakubwa wakataka kuubomoa, wapitishe barabara. Akatokea Bwana Lali, mtaalamu wa mambo ya kale, akawaendea na kuwasihi mpaka viatu vikatoboka. Msikiti ukapona. Kisha akaanza kuibandua chokaa ya kibla kwa kisu kidogo, tabaka baada ya tabaka.

Siku ya tisa, Subhanallah! Yakatokea maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe, yamezungukwa na maua, hata ukucha wa herufi moja haujavunjika. Mji mzima tulijaa mlangoni. Maalim akasoma: "Utakayeingia humu, niombee dua."

Watu wazima walilia.

Kesho yake Bwana Lali akaleta kufuli lenye ufunguo mmoja. "Huu sasa ni urithi wa watu wote," akasema. "Utatazamwa tu. Pumzi za wanaosali zitayaharibu maandishi."

Bi Mwanashehe akaja na ndoo yake, chokaa imesharowekwa. "Mwanangu, chokaa yetu ndiyo iliyoyatunza. Ukiyaacha uchi, hewa ya chumvi itayala. Nipe ufunguo niyafunike."

"Ukiyafunika, bibi, nani atajua kuwa marehemu aliyeyachonga anaomba dua?" akasema Maalim. "Na wewe Lali, ukifunga, nani ataingia amwombee? Hakuomba kutazamwa huyu. Nipeni mimi, watu wasali."

Lali akapandwa na hasira. "Bila mimi hapa pangekuwa lami! Mlikaa na marehemu huyo miaka yote hiyo, mkijua yupo?"

Wazee wa mji wakakata shauri: atakayepewa ufunguo, neno lake ndilo litakalofuatwa. Lakini kumtaja mtu, hakuna aliyethubutu.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu, semeni. Je, nani alistahili ufunguo ule?