Mlezi Mmoja, Watoto Arobaini

Malezi ni kazi inayozidi mikono miwili. Anayejitwika mzigo huo peke yake huweza kuubeba siku nyingi bila kuyumba, lakini siku ya kuteleza haipigi hodi. Ndivyo yalivyomfika Agnesi wa Mwazye, miaka ile watu wa Ufipa walipokuwa wamehamia vijiji vya ujamaa.

Agnesi alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Halmashauri ya kijiji ilimteua kwenda Sumbawanga kujifunza kulea watoto wadogo, ili akina mama wapate kulima shamba la kijiji bila watoto mgongoni. Kwa miezi mitatu alifundishwa na Bibi Maendeleo wa wilaya, Atusaye, mwanamke wa Tukuyu mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na jambo. Agnesi alirudi na cheti, pamoja na daftari la nyimbo, michezo na vipimo vya uji. Kituo kikafunguliwa katika nyumba ya matofali mabichi, wakaletwa watoto arobaini.

Jirani na kituo aliishi Bibi Epifania, ajuza aliyelea wanawe tisa na wajukuu asiowahesabu. Siku ya kwanza alikuja na kigoda chake, akaketi mlangoni, akawaita watoto kwa Kifipa, nao wakamzunguka kama vifaranga.

"Shikamoo, bibi," Agnesi alisema. "Hapa watoto wanafundishwa kwa utaratibu. Wewe kapumzike."

"Marahaba, mwanangu. Wote hawa utawaweza peke yako?"

"Nimesomea, bibi."

Ajuza akabeba kigoda chake, akaenda zake.

Kwa majuma saba mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Agnesi alipika, aliosha, aliimba, alifuta makamasi. Jioni miguu ilimwaka moto, lakini hakumwambia mtu. Kwake yeye, kuomba msaada kulikuwa sawa na kurudisha cheti.

Asubuhi moja ya Desemba, mvua zikiwa zimekolea, alikoroga uji wa ulezi, kisha akawapanga watoto ili awagawie. Alihesabu thelathini na tisa. Akahesabu tena. Adela, binti wa Josefina, mwenye miaka mitatu, hakuwepo.

Akatoka mbio hadi njiani, mara akasikia yowe nyuma yake: mtoto mmoja alikuwa amejiunguza kidole kwenye sufuria. Akarudi, akamvuta mbali na moto. Akatoka tena, akarudi tena. Akienda kumtafuta mmoja, angewaacha thelathini na tisa na moto. Akibaki nao, mmoja alikuwa njiani, na mto ulikuwa umefurika. Alisimama kizingitini, hajui ashike lipi aache lipi. Ndipo alipoitoa sauti aliyoizuia kwa majuma saba.

"Bibi Epifania! Nisaidie! Adela hayupo!"

Ajuza alifika na unga mikononi. "Huyo amekwenda kwao," alisema. "Kila akipita kwangu huniambia anataka kwao. Kwao kwake si hapa, ni kule mahameni, walikohama mwaka jana. Nenda, hawa niachie."

Agnesi alikimbia, matope yakimrukia hadi magotini. Njia ya mahameni ilivuka mto juu ya gogo moja. Alimkuta Adela ukingoni, amekwisha kukanyaga gogo kwa mguu mmoja, maji mazito yakinguruma chini yake. Hakumwita, asije akamshtua. Alimwendea kwa kunyata, akamkumbatia kwa nyuma, kisha akaketi naye matopeni, akalia.

Josefina alipopata habari, alimchukua mwanawe. "Nilimleta kwako kwa sababu ulisema unaweza," alimwambia Agnesi.

Juma lililofuata Atusaye alikuja kukagua. Agnesi angeweza kunyamaza. Alimweleza yote, kisha akamnyoshea cheti chake.

Atusaye hakukipokea. "Nilikufundisha kupima uji na kuimba," alisema. "Sikukufundisha kumwita jirani. Tena mimi ndiye niliyeona mlezi mmoja anatosha watoto arobaini. Kosa hili tugawane, mdogo wangu."

Hakuondoka kwa siku tatu. Aliwakusanya Bibi Epifania na wanawake wengine wanne, akawafundisha palepale kituoni na kuwapangia zamu. Walipomkosoa juu ya namna ya kumbembeleza mtoto asiyejua Kiswahili, hakubisha, aliandika. Tangu hapo, kila kijiji kilichotaka kufungua kituo alikidai walezi watatu, wala hakukubali mmoja.

Josefina hakumrudisha Adela hadi baada ya Pasaka, na Agnesi hakumlaumu. Siku alipomleta, alikuta wanawake watatu: mmoja jikoni, mmoja mlangoni, na Agnesi katikati ya watoto. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akauachia mkono wa mwanawe, akachukua jembe lake, akaenda shambani. Hakika, mkono mmoja haulei mwana.