Zimwi Lililomeza Ba, Ta na Ma

Sogeeni, masikio yenu niyaone.

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Zaituni alisikia darasa la Mwalimu Rukia likiimba, "Ba! Ta! Ma!" na wanafunzi wake mwenyewe bado wanababaika. Wivu ukamkaba, akalikimbilia zimwi lililokaa pangoni nyuma ya shule.

"Zimeze sauti za watoto wa Rukia, zote tatu!"

"Nitameza, bibie. Hutalia?"

"Nilie mimi? Atalia Rukia!"

Zimwi likameza ba, likameza ta, likameza ma. Rukia akalia, Zaituni akacheka.

Jioni akarudi nyumbani mwana wa Zaituni, aliyesoma kwa Rukia, maana kijijini hapo mwalimu hafundishi mtoto wake. Mtoto akakunjua mikono, akafungua kinywa, asiweze kumwita mama.

Kesho yake asubuhi Zaituni aliliachia zimwi sauti zake mwenyewe tatu ziwe badala, za watoto zikarudi, naye akaketi mkekani kwa Rukia, katikati yao, akifunzwa ba.