Kisanduku cha Matundu Saba

Paukwa!
— Pakawa.
Palikuwa na nini?
— Na kisima.
Maji yalikuwamo?
— Yalikuwamo, ila yana mwenyewe.
Haya, kaeni. Mwenye kiu akanywe sasa hivi, maana ndani ya ngano hii maji ni ya foleni.

Ukame ulipoingia mwaka wa tatu, wanyama walichimba kisima kimoja, wakakitia pampu ya umeme na mlango wa chuma, na mlango wakaukabidhi kompyuta ili asionewe mtu. Utaratibu ulikuwa huu: unakanyaga chombo cha kusoma nyayo, tii, printa inakutolea tiketi, krrr, mlango unafunguka, unachota. Aliyekalia kiti cha mbele ya kompyuta alikuwa Fisi, kwa kuwa ndiye mwenye meno.

Sasa, kompyuta ile ilikuwa na tundu moja tu la kuchomekea vitu. Ukichomeka chombo cha nyayo, printa haina pa kukaa. Ukichomeka printa, kompyuta imeshasahau nyayo. Fisi akawa anachomoa, anachomeka, anachomoa, anachomeka, mpaka jua linazama katoka mnyama mmoja na tiketi. Maji yaliyobaki anakunywa yeye. Wengine wakafa kwenye foleni. Alikufa Kobe. Alikufa Swala na mimba yake.

Mama Nguchiro, yule mwongo maarufu aliyemuuzia Nyoka viatu jozi mbili, alikuwa ameshazika watoto wawili. Alibaki na mmoja, Sikudhani, na ulimi wa Sikudhani ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

Akaenda kwenye jalala la mashine mbovu, akang'oa matundu saba, akayapanga kwenye kopo la plastiki la samli. Akapasha msumari kwenye makaa, akalehemu waya, chwii, chwii. Akachomeka kopo lake kwenye kompyuta. Mashine ikazimia palepale, maana matundu saba yalikuwa yananyonya titi moja. Nguchiro akakaa chini, akafikiri. Kisha akavuta umeme kwenye waya wa pampu, na katikati akaweka kipande kidogo cha kuupunguza, ukubwa wa punje ya harage. Kisanduku kikawa na umeme wake, kompyuta ikapumua. Chombo cha nyayo, tii. Printa, krrr. Foleni ikasogea hatua mbili.

Fisi akaja, kalowa chapachapa, maana alikuwa anaoga.

“Nani kakuruhusu?”

“Hakuna, Mheshimiwa.”

“Basi ni changu.”

Akachomoa printa. Akachomeka feni, akachomeka redio, akachomeka taa tatu, akachomeka friji la nyama zake. Alikiacha chombo cha nyayo tu, kwa sababu yeye alijiandikisha kunywa bila tiketi, lakini mlango bado ulimtaka akanyage. Foleni ikasimama tena. Sikudhani akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

“We Nguchiro,” Fisi akaita. “Friji halipoi.”

“Umeme haulitoshi, Mheshimiwa. Kuna kipande kinaupunguza.”

Nguchiro alijua vizuri anaongea na nani. Fisi hakuwahi kumwamini hata siku moja. Kwa hiyo aliamua kumwambia kweli tupu.

“Kinaupunguza kwa nini?”

“Ukikitoa, utakufa.”

Fisi akacheka, kwi kwi kwi. “Wewe uliyemuuzia Nyoka viatu. Unamfichia nani umeme wangu?”

“Simfichii mtu. Ukikitoa, halafu ukakanyaga pale na mguu uliolowa, utakufa mbele yangu.”

“Yaani mimi nife?”

“Utakufa.”

Fisi akazima swichi ya pampu, akafungua kopo, akang'oa kipande, akakitupa, akasokota waya kwa waya. Akawasha. Feni ikavuma vuuu, friji likatetemeka. Akamtazama Nguchiro kwa dharau, akaenda kunywa. Akakanyaga.

Paa!

Manyoya yakanuka. Kompyuta ikatoa moshi, kufuli la umeme likalegea, mlango ukafunguka wenyewe, ng'eee. Nguchiro alimruka Fisi, akachota kwa kifuu, akakimbia. Sikudhani akanywa funda moja, akakohoa, akanywa la pili. Mama yake akalia, kwa furaha ya huyu na kwa uchungu wa wale wawili waliozikwa na kiu yao.

Wanyama walipokwisha kunywa, wakamzunguka Fisi.

“Kafa na nini huyu?” akauliza Nungunungu.

“Nilimwambia atakufa,” akasema Nguchiro. “Nimemwambia mara tatu.”

Nungunungu akatikisa kichwa kwa huzuni. “Mama Nguchiro, hata mbele ya maiti unadanganya?”

Na hakuna aliyemwamini.

Ngano yangu imekauka hapo. Mwenye mate aimeze, asiye na mate asubiri foleni. Na funzo lake, watoto, ni hili: ukweli unaua. Mkiwapenda wakubwa wenu, wadanganyeni asubuhi na jioni, ili waishi miaka mingi.