Jembe la Mtemi Masolwa

"Mpiga baragumu hakimbii jembe."

Mmeisikia leo redioni, kwa yule mama aliyepiga simu akifoka kuhusu rais wa nchi ya mbali, aliyepeleka vijana vitani bila kuliuliza bunge na sasa hataki hata kuwataja waliokufa. Wewe Maduhu ukasema hiyo lazima ni methali ya bwana shamba. Nikacheka, lakini sikukulaumu, maana baragumu na jembe vitakutana wapi? Vilikutana Ilombo, na vilikutana kwa machungu. Methali hii ilianza hivi.

Ilombo ilikuwa nchi ya mtama na ng'ombe, kando ya mto unaokauka kila kiangazi. Mtemi wake aliishi ikulu, na kwa desturi hakulima. Baragumu la vita halikukaa kwake. Lilitundikwa katika nyumba ya baraza, chini ya wanyampara, yaani wazee wenye kuamua mambo ya nchi. Mtemi akitaka vita alikwenda pale kwa miguu yake, akasema mbele ya watu adui ni nani na kosa lake ni lipi. Wakiridhika, walimkabidhi. Likilia, kila kijana mwenye mkuki aliacha alichoshika akaenda, na asiyekwenda aliezuliwa paa la nyumba yake.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa desturi hiyo. Kila aliyekufa kwa mwito wa baragumu alizikwa mbele ya lango la ikulu, na aliyelichimba kaburi lake ni Mtemi mwenyewe, mama wa marehemu akiwa amesimama pembeni anamtazama. Hiyo ndiyo siku pekee Mtemi alishika jembe. Wazee wa zamani hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mtu aliyetoka malengelenge kwa kuchimba kaburi hana haraka ya kwenda kuomba baragumu tena.

Ikaendelea hivyo mpaka enzi za Mtemi Masolwa. Huyu alikuwa na ulimi mtamu, na kwa bahati yake alitawala mwaka wa ukame. Wezi wa Ngeme, ng'ambo ya mto, wakavuka wakaswaga ng'ombe mchana kweupe. Masolwa akawaita watu wote barazani.

"Mpaka ninyi mkae, mnywe pombe, mshauriane, ng'ombe wameshachinjwa," aliwaambia. "Niachieni baragumu nikae nalo ikulu. Hatari ikipita nitalirudisha."

Watu walikuwa wameumia, wakamshangilia. Katika wanawake waliopiga vigelegele siku ile alikuwamo Kalunde, mjane aliyekuwa na mtoto mmoja tu duniani, kijana aliyeitwa Mihayo. Ng'ombe wao wawili walikuwa wameibwa, na Kalunde alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyeuliza, si yeye, si wanyampara, ni nani atakayesema kwamba hatari imepita.

Wezi walifukuzwa, mvua zikanyesha, mtama ukakomaa. Mzee Ngasa, mkubwa wa wanyampara, akaenda ikulu kulichukua baragumu. Akaambiwa hatari bado. Akaenda tena baada ya mavuno, akaulizwa kwa sauti ya upole kama ametumwa na watu wa Ngeme. Mzee Ngasa akarudi nyumbani, akafunga mdomo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wanyampara wa Ilombo walimchelea Masolwa kama mtoto wa mwisho.

Basi mtu akanogewa. Baragumu likalia kwa ajili ya wezi ambao hakuna aliyewaona. Likalia kwa sababu jirani mmoja amechelewesha zawadi. Kila lilipolia, ghala zilifunguliwa ili wapiganaji wale, na kila mara wachache hawakurudi. Mwanzoni Masolwa alichimba. Kisha akawa anapiga jembe mara moja, mtumishi anamalizia. Mwishowe akatangaza kwamba hii si vita hasa, ni misako tu, na aliyekufa kwenye msako azikwe kwao. Maiti zikawa zinarudishwa alfajiri kwa njia za nyuma, na akina mama wanaambiwa wasilie kwa sauti. Hebu fikirini, mtu amekuchukulia mwanao halafu anakupangia na kilio!

Kalunde aliyaona hayo yote kwa majirani. Aliwapelekea uji, akakaa nao mkekani, na moyoni alimshukuru Mungu kwamba hayajafika kwake. Mihayo alikuwa ameshaposa. Walikuwa wamekubaliana kwamba akimaliza kuvuna atajenga nyumba ya pili pale pale uani, mama apate mkwe wa kusemezana naye.

Baragumu lilimkuta Mihayo katikati ya mtama. Akachomeka mundu wake ardhini, akachukua mkuki, akamwambia mama yake, "Nitaumalizia nikirudi." Safari hiyo haikuwa ya ng'ombe wala wezi. Masolwa alitaka bwawa la chumvi la watu wa Ngeme, nao hawakutaka kulitoa. Siku chache baadaye Mihayo aliletwa juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa majani, na mjumbe wa ikulu akimvuta mbuzi nyuma yake.

"Mama Mihayo, Mtemi anakupa pole," mjumbe alisema. "Anakupa na huyu mbuzi. Anakuomba umzike mwanao hapa nyumbani, taratibu. Usilie kwa nguvu, adui akisikia atafurahi."

Kalunde alikuwa ameushika mguu wa mwanawe, bado una vumbi la njiani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini kilichompanda siku ile hakikuwa uchungu peke yake. Ilikuwa hasira, na hasira hiyo ilimsimamisha.

"Adui gani huyo ambaye furaha yake ni nzito kuliko msiba wangu?" aliuliza. "Mrudishie mbuzi wake. Mwanangu aliitwa na baragumu. Atazikwa langoni, na aliyempigia ndiye atakayemchimbia."

Akajifunga kaniki kiunoni, akatwaa jembe lake la kulimia, akawaambia waliombeba Mihayo wamnyanyue tena. Njia nzima alilia kwa sauti yake yote, kama mama wa Ilombo alivyostahili kulia. Kwenye kila ua alikopita, wanawake walitoka. Wale waliokuwa wamezika kimyakimya walirudi ndani kwanza, wakatoka na majembe. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Walipofika ikulu lango lilikuwa halionekani kwa watu, na wanyampara nao walikuwa wamefika, wamejibanza pembeni.

Masolwa akatoka, usinga mkononi.

"Mama, nakuonea huruma," alisema. "Lakini desturi ni desturi. Langoni huzikwa waliokufa vitani. Ule ulikuwa msako."

"Msako hupigiwa yowe, Mtemi," Kalunde akajibu. "Yowe, anayetaka anakwenda, asiyetaka anabaki na mke wake. Mwanangu alipigiwa baragumu."

"Baragumu lilikuwa la kuharakisha tu."

"Na yule kijana wa jirani yangu aliyekataa kwenda, ulimwezulia paa. Watoto wake wanalala kwenye umande mpaka leo. Tunaezuliwa mapaa kwa sheria gani kama si ya vita? Ukichukua watoto wetu ni vita. Ukichukua mtama wetu ni vita. Tukikuletea maiti, ni msako! Hivi ni vita gani, Mtemi wetu, vinavyojua kuchukua visivyojua kujibu?"

Watu wakaguna. Masolwa akageuka huku na huku kutafuta uso wa kumuunga mkono, asiupate.

"Mnamfurahisha adui!" alifoka. "Wakati wa hatari hakuna maswali! Ondokeni langoni kwangu!"

Hakuna aliyeondoka. Kalunde aliliweka jembe lake chini mbele ya miguu ya Mtemi. Mwanamke mwingine akaja, akaweka lake, akataja jina la mwanawe kwa sauti. Akaja wa tatu. Majina ambayo yalikuwa yamekatazwa kuliliwa yakawa yanatajwa langoni, moja baada ya jingine, na Masolwa akashindwa kuvumilia. Akaingia ndani, akatoka na baragumu, akalipiga.

Vijana wakaja mbio kutoka kila upande, mikuki mikononi, kama walivyozoea. Mbele yao alikuwa mkuu wao, Shigela, aliyepigana karibu na Mihayo kwenye lile bwawa la chumvi. Akapiga goti.

"Tumeitika, Mtemi. Adui yuko wapi?"

Masolwa akanyoosha usinga kuelekea kwa wanawake.

Shigela akatazama. Akatazama tena, akidhani hakuona vizuri. "Mtemi, yule aliyeshika jembe bovu ndiye aliyenizaa."

"Basi anza na wale wengine," Masolwa akasema.

Neno hilo kila mtu alilisikia. Shigela akainuka taratibu, akauchomeka mkuki wake ardhini, akaenda kusimama nyuma ya mama yake. Kijana mmoja akamfuata, kisha kundi zima, na Mtemi wa Ilombo akabaki peke yake na baragumu lake mkononi.

Hapo ndipo Mzee Ngasa alipopata miguu. Alijitokeza mbele ya watu, na hakuthubutu kumtazama Kalunde usoni.

"Tulikupa kitu tusichokuwa na ruhusa ya kukitoa," alimwambia Masolwa. "Aibu hiyo ni yetu, tutaibeba. Lakini kaburi ni lako. Shika jembe."

Masolwa akatazama umati, akaona hakuna pa kupita. Akalishika jembe la Kalunde. Ardhi ya langoni ilikuwa imekauka, ngumu, na viganja vyake vilikuwa laini. Watu walisimama wakamtazama anavyotweta. Malengelenge yakatoka, yakapasuka, mpini ukalowa damu, na kaburi lilikuwa bado halijafika magotini. Mtumishi wake mmoja akasogea kumpokea. Kalunde akamtazama tu, naye akarudi alikotoka.

Mihayo akazikwa alipostahili. Mama yake alishuka mwenyewe kaburini kumlaza kichwa, na safari hii hakulia. Masolwa akalitupa jembe, akafuta jasho, akadhani yamekwisha. Lakini mwanamke wa pili alikuwa amekwenda kwake na kurudi na udongo wa kaburi la mwanawe ndani ya khanga, na nyuma yake walipanga mstari wengine, kila mmoja na udongo wake, ili nao upate kaburi langoni.

"Na wangu," alisema yule mwanamke.

Masolwa akauona ule mstari. Akaliokota baragumu, akamnyooshea Mzee Ngasa kwa mikono miwili.

"Chukueni baragumu lenu!" alilia. "Silitaki tena. Chukueni, mniache nipumzike."

Mzee Ngasa akalipokea. Watu wengine wakaanza kushusha pumzi, wakidhani hiyo ndiyo haki yenyewe, na kwamba sasa mtu anaweza kwenda kwake kupika. Kalunde akainama, akaliokota jembe, akapangusa mpini kwa upindo wa kaniki yake, akamrudishia Mtemi.

"Baragumu tumelipokea," alimwambia. "Wewe endelea kuchimba. Mpiga baragumu hakimbii jembe."