Mche Mmoja wa Mrindoko

Sogeeni, na mwenye wivu akae mbele kabisa, maana kisa hiki ni chake.

Milimani Upareni, Mrindoko alikuwa na shamba la mteremko na wanawake watatu wa kulilima. Mkewe mkubwa, Nambike, alijua kutunza mbegu. Mke mdogo, Nakundwa, alijua kuuzuia udongo usiteremke. Dada yake Mrindoko, Naetwe, aliyeachika akarudi nyumbani, alijua maji. Walioneana wivu wote, lakini wa Nambike ulikuwa haulali.

Ukaja ukame. Nambike akatundika kibuyu cha mbegu za maharage juu ya mafiga, moshi uzuie wadudu. Mtoto wa Nakundwa akalia njaa, mama yake akaja kuomba.

"Dada, nipe konzi moja tu."

"Mbegu hailiwi."

Kweli, hailiwi. Ila raha aliyoipata Nambike kwa kumnyima, mh! Aliijua mwenyewe. Mtoto akaponea mboga ya mnafu wa porini.

Nakundwa naye alichimba matuta kwa hasira, akayapandia majani kingoni, ili upande wake uupite wa mke mwenzie. Mvua ilipofika, udongo wa majirani uliishia bondeni. Wa kwao ulibaki.

Maharage yalipotoa maua, mvua ikakatika. Naetwe akashinda siku nne kwenye bwawa la ukoo, akigombania zamu ya maji.

"Mwanamke hana zamu," wakamwambia wanaume.

"Basi hii ni ya kaka yangu, na mimi ndiye miguu yake!"

Maji yakafika, wakavuna.

Sasa, kwao mwanamke hapandi mti, kwa sababu apandaye mti ndiye mwenye ardhi. Siku ya mavuno Mrindoko alikuja na mche wa mparachichi.

"Ukoo umeniruhusu mche mmoja tu upandwe na mwanamke. Atakayeupanda, kipande cha chini cha shamba ni chake."

Nambike aliruka. "Nipe mimi! Bila mbegu mngevuna nini?"

"Ungeipanda kwenye mwamba?" Nakundwa akacheka.

"Na kuimwagilia mate, wifi?" akauliza Naetwe.

Nambike alimtazama Nakundwa, akamwona akilini tayari amekaa kivulini mwa mparachichi wake. Moyo ukamuuma. Akatazama kibuyu, kimejaa mbegu mpya.

"Ukimpa mwingine," akamwambia mumewe, "mwaka kesho hizi nazipika."

Nakundwa akatupa jembe chini. Naetwe akakaa kitako, akanyoosha ile miguu ya bwawani.

Jua ni kali, na mche unanyauka mkononi mwa Mrindoko. Je, wewe ungemkabidhi nani, na mwaka kesho ungekula nini?