Sungura na Mfumo Mtupu

Mwaka ule mvua iligoma, na pori zima likabaki na bwawa moja. Tembo, msimamizi wa bwawa, hakutaka vurugu. Akatangaza kuwa zamu za kunywa zitaombwa kwa kompyuta, mwisho adhuhuri. Watakaochelewa watakunywa baadaye kwa ukubwa wa miili, matope na yote.

Kompyuta za wanyama hazikuwa na kitu ndani. Sungura akaleta Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, za aina mbili: moja imepangwa kila kitu, ukiiweka unaanza kazi, nyingine mfumo mtupu, mengine yote unaongeza mwenyewe.

Sungura aliitaka zamu ya kwanza, basi akamwendea Simba kwa heshima nyingi.

"Mzee, hii iliyopangwa ni ya wavivu. Mfalme hujijengea mwenyewe. Hata mimi natumia ile tupu."

Simba akisifiwa hupofuka. Akachukua ile tupu. Fisi kuona mfalme kachukua moja, akachukua mbili. Wengine nao wakafuata, maana nani anataka kuitwa mvivu?

Mama Kobe peke yake akaomba iliyopangwa.

"Shemeji, huoni aibu?" Sungura akamuuliza.

"Wanangu wana kiu, shemeji. Nataka kuomba maji, sina haja ya kuyajua matumbo ya mashine."

Wakamcheka. Yeye akaiweka, akatuma ombi, akaenda zake kulala.

Kwa Simba kioo kilibaki cheusi. Fisi alikwisha kuongeza saa na picha ya mfupa, lakini njia ya kuingia mtandaoni aliisahau.

Sungura akaanza kunyata kurudi kwake, kwenye kompyuta aliyoiwekea kwa siri ile iliyopangwa, akatume ombi lake. Simba akamkamata sikio.

"Si ndiyo hii unayotumia wewe? Kaa, nitengenezee."

"Mzee, nina haraka kidogo."

"Kaa."

Akisema kweli, ataliwa. Akakaa. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, jasho likimtiririka, na adhuhuri ikawapita hapo hapo.

Jioni Mama Kobe na wanawe walikunywa maji safi, wakanawa na miguu. Kisha wakaja waliochelewa, wakubwa mbele. Sungura alipofika, Fisi alikuwa amekwisha kuyakomba maji yote. Akainama kulamba tope, na aibu ilimkaba kuliko kiu.

"Mfumo wako si mbaya, shemeji," Mama Kobe akamwambia. "Ni wa mwenye muda. Sisi tulikuwa na kiu."